Baba umeisha! Wikiendi ya Kondoa kwa laki mbili, watu watano

ALHAMISI

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kila Alhamisi saa tatu kasoro asubuhi nina kipengele kwenye kipindi changu cha redio hapa Dodoma, dakika kama 12 hivi, nawaambia wasikilizaji wapi pa kwenda wikiendi na familia bila kuumia mfukoni, kaeni Nyerere Square mle mahindi ya kuchoma, pelekeni watoto Chinangali, nendeni Hombolo mkaone bwawa, Jumamosi mnada wa Msalato mle nyama, yani naongea kama mtu ambaye kila Jumamosi yuko barabarani na kikapu. Mwaka wa tatu huu. Na katika hiyo miaka mitatu familia yangu nimeipeleka Msalato mara moja tu, na hiyo siku yenyewe nilikuwa kazini, tulikuwa tunarusha laivu kutoka mnadani, wao wamekaa chini ya mti mama watoto kashika mfuko wa nyama, mi nimeshika maiki nahoji wauza mbuzi.

Sasa leo nasoma meseji za wasikilizaji. Zamani enzi za Radio Tanzania watu walikuwa wananunua kadi za salamu, unajaza majina, unatuma kwa posta, unasubiri siku na siku usikie jina lako, kwahiyo mtangazaji alikuwa na muda wa kuipitia kadi kabla ya kuisoma. Sa hizi meseji inaingia sekunde hiyo hiyo na wewe uko hewani unaisoma unavyoiona. Nikasoma hivi: "Naomba salamu zimfikie baba mmoja anayetuambia twende Hombolo, mwambie sisi wa Nkuhungu tumeshavaa viatu tangu mwaka juzi tunamsubiri." Nikacheka kabisa hewani, nikasema huyo baba wa Nkuhungu jamani ajitafakari. Ndo nikaangalia namba.

Ya mama watoto.

Fundi mitambo alikuwa upande wa pili wa kioo kainamisha kichwa kwenye mikisa, mabega yanacheza. Nikaweka wimbo.

Watu wakisikia sauti yako asubuhi wanajua una gari. Mi natoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri na boda, koti zito maana mwezi wa sita Dodoma upepo wake si mchezo, nafika studio nakunywa maji ya moto na tangawizi koo lifunguke, saa 12 kamili niko hewani mpaka saa nne. Baada ya hapo kurekodi matangazo, kutafuta matangazo, kudai hela ya matangazo. Redio za mikoani mshahara wake tusiuongelee, kuna mteja anakulipa kwa vyumba vya gesti, mwingine kwa kreti za soda. Kinachotuweka mjini ni ushehereshaji, na harusi zote ziko Jumamosi. Hapo ndo wikiendi yangu inapoishia, nasherehesha watoto wa watu, wa kwangu wanalala hawajaniona.

Ila Jumamosi hii Mungu kaingilia kati, sherehe imeahirishwa (sababu najua ila sisemi) na kianzio cha laki mbili nilishapokea, wakaniambia kaka kaa nacho tutakuita tarehe ikipatikana. Shule zimefungwa. Nikarudi nyumbani mchana nikatangaza, kesho tunaenda Kondoa kuona michoro ya mapangoni Kolo.

Mama watoto akaniuliza swali moja tu, "Hiyo hela ni yako au ni ya harusi?"

Nikamwambia ni yangu, ila bado sijaifanyia kazi.

IJUMAA

Nimetoka hewani saa nne, saa saba mchana tuko stendi kuu. Mkubwa ana miaka 12, wa kati 8, kitinda mimba 4. Tiketi nilipambana na konda mpaka tukakubaliana, sisi wazima elfu kumi kumi, wale wawili nusu, mdogo napakata. 30,000 imeondoka hapo. Tumebeba chupa ya chai, mkate, mayai ya kuchemsha 10 na karanga za kukaanga kwenye kopo la maziwa, maana ukiwa na watoto watatu kila basi linaposimama ni bajeti nyingine.

Dodoma mpaka Kondoa ni kama kilomita 160, lami yote, ni ile barabara kuu ya kwenda Babati mpaka Arusha. Waliopita njia hii kabla ya lami watakwambia ilikuwa siku nzima na vumbi mpaka kwenye meno. Sa hizi unatoka Msalato, unapita Makutupora kwenye mashamba ya zabibu, halaf mji unakwisha ghafla inabaki mibuyu tu na nyasi zimekauka rangi ya mbwa.

Dereva kafungulia redio, na redio aliyofungulia ni yetu. Nikajikausha. Mwenzangu wa mchana ndo alikuwa hewani, lakini kila baada ya robo saa inapita jingo ya kipindi cha asubuhi, marimba ya Kigogo inaanza kwa chini halaf sauti yangu "Mbukweeenyi Dodoma!" Mdogo kila ikipita anageuka kuniangalia mdomo, alikuwa hajaelewa inakuwaje baba kafunga mdomo na bado anaongea. Bibi mmoja kiti cha mbele akasema huyu kijana wa asubuhi anaongea sana, muziki kidogo. Mama watoto akamjibu, "Hata nyumbani bibi." Mi nikaangalia dirishani.

Tulipoiacha Mayamaya ikaanza kukwaruza. Niwaelezee kidogo hapa maana watu wananipigiaga simu kulalamika kwanini wakisafiri hawatupati. Mawimbi ya FM yanasafiri kama mwanga wa tochi, yanaenda moja kwa moja, yakikuta kilima au ardhi ikiinama yanaishia hapo hapo. Ndo maana mnara unawekwa juu ya mlima. Masafa ya kati ya zamani yalikuwa yanafuata mgongo wa ardhi na usiku yanaruka mbali sana, babu yangu alikuwa anaishika Radio Tanzania kijijini na redio ya mkulima ya betri, sauti inapanda inashuka kama inatoka kisimani lakini ipo. FM haina huruma hiyo. Ipo, halaf haipo.

Kwahiyo jingo ikaanza, marimba, halaf "Mbukweee" halaf shshshshsh. Dereva akaipiga piga redio, ikarudi "Dodoma", ikafa. Ikaingia kaswida kutoka stesheni nyingine, safi kabisa.

Mdogo akanishika kidevu. "Baba umeisha."

Basi zima lililosikia lilicheka, na yule bibi ndo akageuka akanitazama vizuri. "Kumbe ndo wewe. Mbona mwembamba?"

Wilaya ya Chemba nimeipita nimelala. Kondoa tumeingia saa kumi na nusu. Gesti nimeipata kwa 20,000, jina nalihifadhi, chumba kimoja kikubwa na godoro la ziada chini, na mpokeaji ametuhakikishia maji moto yapo saa 24. Bomba la moto linatoa maji ya baridi, bomba la baridi halitoi kitu. Nilipoenda kuuliza naambiwa maji moto yapo ila yanachemshwa jikoni, ndoo ni 1,000. Nimerudi na ndoo mbili. Mama watoto hakunigombeza, alichofanya ni kunirudishia sauti yangu ya matangazo, ile nzito ya kutokea tumboni: "Vyumba safi, maji moto saa ishirini na nne, na maegesho ya kutosha kwa gari lako!" Watoto wakawa wanairudia mpaka wamelala.

JUMAMOSI

Asubuhi supu ya mbuzi na chapati, watu watano 11,000, na ilikuwa supu ya kweli. Kondoa kuna baridi kuliko nilivyodhani, watoto wamevaa masweta mpaka saa nne.

Kolo iko mbele ya Kondoa kilomita 20 na kitu, barabara hiyo hiyo ya Babati. Tulipanda Noah, elfu mbili kila kichwa, mdogo bure. Kushoto kwangu alikaa mzee mmoja kofia ya sufu, nikamsalimia shikamoo tukaanza stori, nikamuuliza yale makorongo makubwa yanayoonekana kule mbali. Mzee akasema yale unayoona ni mabaki, ungekuja wakati mimi kijana ungelia. Miteremko ilikuwa imechanwa na maji mpaka nyumba zinaning'inia. Mwaka 1973 ukaja mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, wakachimba makinga maji wakapanda miti, lakini ng'ombe na mbuzi wakawa wanakula kila kinachoota, mpaka 1979 serikali ikaamua mifugo yote itoke. Yote. Nilishawahi kufanya kipindi cha mazingira nikaitaja HADO kwa dakika mbili nikiwa nasoma karatasi. Mzee akasema, "Baba yangu alitoa ng'ombe akawapeleka kwa mjomba, hakuwaona tena. Lakini nyasi zilirudi." Akanyamaza. Halaf akashuka, hata kwaheri ilikuwa ya haraka, nikabaki najilaumu rekoda ilikuwa kwenye begi.

Ofisi ya mambo ya kale iko pale pale Kolo, na kuna kimakumbusho kidogo. Kiingilio chetu Watanzania kiko mbali sana na cha wageni, sisi wote pamoja na asante ya mwongozaji ilifika 25,000. Kitabu cha wageni nilikipekua kidogo (mazoea ya kazi), Ujerumani, Italia, Marekani, Ujerumani tena, Arusha. Kwenye mstari wetu mkubwa akaandika Nkuhungu, kwa herufi kubwa.

Sasa hapa ndo wengi wanakwama, michoro yenyewe haipo ofisini. Kundi linaloitwa Mungomi wa Kolo liko kilimani, unatoka ofisini unaingia ndani kwa njia ya vumbi. Gari hatuna. Nikachukua boda mbili, 12,000 kila moja kwenda, kusubiri na kurudi, mwongozaji ana pikipiki yake akambeba mkubwa, mama watoto na mdogo boda moja, mi na wa kati nyingine. Njiani unavuka mto wa msimu, mwezi huu mchanga mtupu, boda yetu ikazama tairi tukashuka kusukuma na yule dogo wa boda ananiambia mzee wewe sukuma kama mwanaume. Sijaitwa mzee hewani hata siku moja.

Kupanda ni kwa mguu, si mlima wa kutisha ila ni mawe na miiba, mdogo alibebwa mgongoni kwa kanga nusu ya njia. Mwongozaji, kijana mtaratibu, anaongea kwa kupima, akawa anatuonyesha kinyesi cha pimbi, mti gani unatibu nini. Akatuambia maeneo yenye michoro yaliyoandikishwa yanazidi 150 kwenye hii miteremko, na mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Tukafika chini ya mwamba mkubwa ulioinama kama kibaraza. Akasema, haya, hapa.

Nikaona mwamba wenye madoa.

Kusema ukweli nilishtuka kidogo, nikawaza laki mbili yangu. Mwongozaji akacheka, akasema simameni tu msitafute. Tukasimama. Na ni kweli, ilichukua kama dakika moja, doa moja jekundu likawa mguu. Mguu ukawa na paja. Halaf mtu mzima akatokea, mrefu mwembamba kama kijiti, kichwa kimevimba nywele au kofia sijui, halaf pembeni yake mwingine, halaf twiga, halaf mnyama mwenye mwili mzito akasema ni pofu, yani baada ya hapo macho yalikuwa yanaokota picha juu ya picha, zimechorwa moja juu ya nyingine kama tangazo juu ya tangazo kwenye ukuta wa stendi. Wa kati akaanza kuhesabu, akafika 31 akachanganyikiwa akaanza upya.

Kuna moja ndo maarufu. Watu watano. Kushoto wawili, kulia wawili, katikati mmoja, na wale wa pande zote kama wanamvuta mikono. Mwongozaji akasema Mary Leakey, yule aliyekuja kupata umaarufu Olduvai, alikaa huku mwaka 1951 miezi kadhaa akinakili michoro, na hii yeye aliiona kama watu wanateka mtu, wengine wanaona ni ngoma au ibada, waliochora hawakuacha maelezo. Mkubwa wetu akasema mbona ni harusi, wanamsindikiza bibi harusi na yeye anajivuta kidogo. Mama watoto akaniangalia, "MC yuko wapi hapo?" Ilibidi nicheke, ingawa kile kianzio kilinigonga moyoni.

Nikatoa rekoda. Hapa ndo pameniuma mpaka leo. Nikajipanga, nikashusha pumzi, nikaanza, "Naam mpendwa msikilizaji, hapa nilipo nimesimama mbele ya michoro mizuri sana, ya kuvutia sana, ya kale sana..." nikakata. Nikaanza tena, "mandhari ya kuvutia". Nikakata. Mara nne. Miaka 11 naishi kwa mdomo, naweza kukujazia dakika tano kuhusu bei ya vitunguu bila karatasi, na mbele ya kitu cha kutazama nikawa na neno moja tu, kuvutia. Mchana huo ndo nimejua kazi yangu siku zote ni kusema twendeni, ya kuona sijawahi kuifanya.

Nikamsogezea mdogo rekoda, mzaha tu, nikamwambia waambie watu unaona nini.

Hakufikiri hata. Akasema: "Kuna watu warefu, hawana viatu. Wana kichwa kama ukindu. Wanamvuta mkono mmoja hataki. Yule mwingine anaangalia tu. Na twiga. Twiga hajawaona."

Mwongozaji akavua kofia akakuna kichwa, akasema mi nimekuja hapa siku zote, hilo la twiga sijawahi kuliwaza. (Ukindu sijui kautoa wapi, nadhani kwa bibi yake anayesuka mikeka.)

Ile nyekundu mwongozaji alisema ni udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya wanyama, ndo ya zamani zaidi, kazi ya wawindaji, watu wanaohusishwa na Wasandawe ambao bado wako huku huku Chemba na lugha yao ya kupiga vidoko kwa ulimi. Nyeupe ni za baadae, za wakulima na wafugaji, nene na zimechorwa harakaharaka. Akatuonyesha sehemu ambapo rangi imefifia, wageni wa zamani walikuwa wanamwagia maji ili picha itoke vizuri kwenye kamera, kila picha ya mmoja inafuta za wengine. Wa kati alikuwa ameshanyoosha kidole, akakirudisha mfukoni kabisa, akakifungia humo.

Pembeni kidogo kuna alama za majivu. Watu wa hapa bado wanapanda kufanya matambiko, mvua ikichelewa, mtu akiugua. Mwongozaji akaongea kwa sauti ya chini alipofika hapo na mi rekoda nikaizima bila kuambiwa.

Kabla ya kushuka nikawaomba wote wanyamaze dakika moja nirekodi mazingira, redio unahitaji hiyo, ukimya wa mahali ili ukae chini ya maneno baadae. Familia yangu kunyamaza dakika moja! Mayai na mkate vilikuwa mdomoni ndo maana. Ukiisikiliza ile rekodi kuna upepo, kuna ndege mmoja, na kuna mtu anatafuna karanga. Mi.

Usiku gesti hiyo hiyo, ndoo mbili tena. Ugali na kuku wa kienyeji mmoja tumegawana watano, mapaja yalikwenda kwa watoto, sisi wazazi tukashindania shingo.

JUMAPILI

Asubuhi tumepita kwenye chemchemi pale pale Kondoa mjini, maji yanachomoza ardhini mengi na masafi, kwa mtu anayetoka Dodoma kwenye ndoo na madumu ni kitu cha kukaa ukakitazama. Bure. Watoto walitaka kuingia mama yao akakataa, haya yananywewa na watu. Tukakaa tu. Nilitaka kuwaeleza na vita vya 1916, maana mwezi wa tano mwaka huo Wajerumani wa Lettow-Vorbeck na jeshi la Afrika Kusini la van Deventer walipigana kuugombania huu mji, lakini nilipofika "hapo zamani" mkubwa akaniambia baba leo si kazini.

Basi la kurudi ni 30,000 nyingine, na hapo ndo nilipogundua hesabu imepinda. Zile ndoo sikuziweka, soda sikuziweka, dogo wa boda nilimuongeza 2,000 kwa kuniita mzee halaf akanisaidia kubeba mtoto. Ilibaki 21,000 na sehemu. Mama watoto akafungua pindo la kanga akatoa elfu kumi bila neno. Hilo pindo huwa naliheshimu kuliko benki, ila najua riba yake.

Njiani watoto wamelala wote. Dereva huyu alikuwa na flashi ya nyimbo, kwahiyo mama watoto akachomeka earphone kwenye kitochi chake, maana ile waya ndo antena, bila hiyo redio ya simu haishiki kitu. Akanipa sikio moja. Shshshsh tu. Chemba shshshsh. Tunakaribia Mayamaya ikaanza kutokea kama mtu anaongea ndani ya debe, halaf ikakaa sawa, kijana wetu wa Jumapili anasoma salamu, na kila jina analiua. Nikaanza kukunja uso, huyu mara ngapi nimemwambia apumue kabla ya jina. Mama watoto akanichomoa earphone sikioni akaivaa yeye zote mbili.

Nkuhungu saa kumi na moja. Vumbi ni lile lile.

JUMATATU

Saa kumi na nusu alfajiri boda, koti, tangawizi. Fundi mitambo nimempa kadi ya rekoda nikamwambia saa tatu kasoro utaweka hii, usiikate kokote, hata ukisikia kimya usiguse. Akaniangalia kama naumwa. Kimya hewani kwetu ni kosa, sekunde tatu tu bosi anapiga simu, wasikilizaji wanajua umeme umekatika wanahama stesheni.

Saa tatu kasoro nikafungua maiki. Nilikuwa nimeandaa utangulizi mrefu nikauacha. Nikasema, nilienda Kolo na familia Jumamosi, nauli na mambo mengine nitawatajia, kwanza msikilizeni huyu.

Ule upepo. Ndege. Halaf ile sauti, "Kuna watu warefu, hawana viatu..." mpaka twiga hajawaona. Halaf upepo tena. Fundi mitambo mkono wake uko juu ya kitufe anatetemeka, nikamuonyesha vidole, subiri. Sekunde nne. Tano. Yule mtafunaji karanga akasikika Dodoma nzima.

Simu ya kwanza ilitoka Chang'ombe, mama mmoja, hakusalimia hata. "Sasa huyo anayevutwa mkono alienda au hakwenda?" Nikamwambia mama bado anavutwa. Ya pili ilikuwa ya dereva bodaboda wa Kizota, anataka kujua Kolo boda ni shilingi ngapi, nikamtajia, akasema wanakuibia.

Muda ukawa umekwisha, karatasi ya matangazo iko mbele yangu, nikaisoma kama inavyosomwa siku zote, sauti nzito ya tumboni, gesti moja ya hapa hapa mjini, vyumba safi, vyenye nafasi, na maji moto saa ishirini na nne.

Meseji ikaingia hapo hapo kwenye kompyuta ya studio. Safari hii niliangalia namba kwanza.

"Ndoo shingapi?"